Fataki za Salaita na bei ya paa la kijana

Kila kiangazi kikikaza, mazungumzo ni yale yale. Usiku milio inasikika kutoka pembezoni mwa Voi, Mwatate, Maktau hadi Salaita na Taveta. Asubuhi chifu anaitisha baraza, polisi wanaonya, na kwenye makundi ya WhatsApp sisi watu wazima tunawalaani vijana wanaochezea fataki zisizo na kibali. Panapita siku chache za kimya, kisha milio inarudi.

Ndugu msomaji, fataki za mkesha wa Mwaka Mpya, za Diwali au za watoto wetu siku ya Idi kule Mji wa Kale zina mahali pake pa kuzungumziwa. Lakini mlio wa saa nane za usiku katikati ya Septemba hauna sherehe nyuma yake. Huyo ni mtu aliyejenga nyumba yake mahali ndovu wanapopita, na kijikaratasi chenye baruti ndicho kitu pekee alicho nacho mkononi cha kuwafukuza.

Kwa hiyo leo nasema wazi kile ambacho mabaraza hayasemi: fataki hizi ni sehemu ya bei ya nyumba. Kijana aliyeshindwa na bei za mjini amepewa ardhi ya bei nafuu, na unafuu wenyewe umetokana na hatari. Ile tofauti ya bei anaendelea kuilipa kila usiku, kwa usingizi, kwa vidole vyake na wakati mwingine kwa roho. Ukimkamata na fataki zake ukamwacha pale pale alipo, hujatatua chochote.

Salaita na ramani ya kaunti

Kwa wasomaji wetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu ambao Salaita wameisikia kwa jina tu, nieleze kidogo. Ukitoka Voi kwenda Taveta, safari ya kilomita zipatazo 110, unapita Mwatate, Bura na Maktau, kisha barabara inaingia ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Ukitokeza upande wa pili, kabla ya kufika Taveta, kuna kilima kidogo kilichosimama peke yake kwenye nyika tambarare. Hicho ndicho kilima cha Salaita.

Wanaojua historia wanakitambua kwa vita. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa Tanganyika waliiteka Taveta, wakajichimbia handaki Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, likiwa na askari wapya kutoka Afrika Kusini, lilikivamia kilima hicho likapigwa likarudi nyuma na hasara kubwa. Reli ya zamani ya Voi hadi Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Mwenyeji wa hapa alibeba mizigo ya watu waliokuwa wakigombania ardhi yake, na vita vilipokwisha ardhi hiyo hakurudishiwa. Mashamba makubwa ya mkonge yakatanda Taveta, na Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa na ardhi kubwa pande za Jipe na Ziwani, akajenga kasri lake juu ya kilima ambalo lipo hadi leo.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikatangaza mbuga ya Tsavo. Tokea hapo hesabu ya ardhi ya kaunti hii haijabadilika sana. Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 17,000. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua karibu asilimia 62. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyika za ranchi na mashamba ya mkonge. Ardhi inayofaa kwa kilimo cha mvua ni takriban asilimia 12 tu, na nyingi ya hiyo iko vilimani, Dawida, Sagalla na Kasighau, ambako imegawanywa kutoka babu hadi mjukuu mpaka mtu anarithi mahali pa kupanda migomba mitano.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti hii. Kwa kilomita za mraba 17,000, mgeni atadhani kila mtu ana nafasi ya kulima na kufuga. Kumbe tumebanwa kwenye vipande vidogo, na Voi ndipo tulipobanwa zaidi.

Kwa nini Voi hapashikiki

Tazama jinsi mji wa Voi ulivyokaa. Upande mmoja kuna Tsavo Mashariki, na lango kuu la mbuga liko mlangoni mwa mji. Upande mwingine kuna shamba la mkonge. Kuna ardhi ya reli, kuna ranchi, kuna milima ya Sagalla. Mji hauna pa kupanukia, na huku wanaoutaka wanaongezeka. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hadhi kamili. Mwaka 2017 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria na Voi ikapata stesheni. Barabara ya Mwatate hadi Taveta ikawekwa lami, na mpaka wa Holili ukawa karibu. Kila kimojawapo ni neema, na kila kimojawapo kimepandisha bei ya kiwanja.

Na tusifichane, wenzangu wa Pwani: wanunuzi wengi ni sisi. Mtu wa Mombasa ambaye Nyali haigusi na Bamburi imemshinda anaangalia Voi anaona kama peponi. Anakuja na akiba yake, au na pesa za ndugu aliye Ghuba, ananunua viwanja viwili vitatu, anaweka nguzo na seng'enge, anarudi zake kungojea bei ipande. Hajavunja sheria. Ila kile kiwanja kilichokaa na nyasi mjini ndicho kilichomsukuma mtoto wa Voi hadi kwenye njia ya ndovu.

Kijana akauliziaje nyumba? Akienda benki anaulizwa hati ya mshahara, naye ni bodaboda, fundi mawe, muuza mitumba au mlinzi wa kibarua. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu nchi nzima mwaka 2023, katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 47.6 mwaka 2019. Mkopo wa nyumba kwetu ni jambo la wachache wa mjini. Kwa Muislamu anayekwepa riba mlango ni mwembamba zaidi. Benki za Kiislamu zilizoanza hapa nchini mwaka 2008 zina mikataba ya kununua na kuuziana isiyo na riba, lakini nazo zinataka mapato yanayoonekana na hati miliki iliyo safi.

Kuna mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri analipa kiasi kama hicho. Sheria hiyo imewaweka watu mafungu: wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi wapate nyumba za kijamii, na wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000 wapate za bei nafuu. Kwenye karatasi, bodaboda wa Voi yumo. Lakini mpango wenyewe ni wa kununua fleti na kulipa kila mwezi bila kukosa. Chukua mfano wa kijana anayeweka Sh200 kila siku ya kazi, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni Sh60,000. Mwezi wa mvua au wa ugonjwa anaweka sufuri. Mtu huyu hawezi kuahidi malipo ya kila mwezi kwa miaka ishirini au thelathini. Anachoweza ni kununua kipande cha ardhi kwa awamu, kisha ajenge chumba kimoja leo na kingine Mungu akipenda.

Hivyo ndivyo watu wetu wote walivyojenga. Jambo lililobadilika ni mahali ambapo kipande hicho kinapatikana.

Kiwanja cha bei ya chini kina mwenyewe

Dalali anamchukua kijana kwa pikipiki. Wanaipita mitaa ya mjini, wanapita nyumba za mwisho, wanaingia nyikani. Kiwanja kimepimwa hamsini kwa mia, jiwe limewekwa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya mjini. Karatasi ni ya makubaliano ya mauzo, ina muhuri wa wakili au sahihi ya mzee wa kijiji. Hati miliki "iko njiani". Kijana anaangalia huku na huku, hapana jirani, upepo ni mzuri. Haoni kitu kibaya kwa sababu amekuja saa nne asubuhi.

Mwenye kiwanja hupita saa nane usiku.

Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya nzima, na karibu 15,000 kati yao wako katika eneo la Tsavo. Ndovu hajui mpaka wa mbuga. Anatoka Tsavo Mashariki, anazunguka Sagalla, anavuka ranchi, anaingia Tsavo Magharibi, na Salaita ni ukingo wa magharibi wa safari hiyo. Njia hizo alifundishwa na bibi yake, kwani kundi la ndovu huongozwa na jike mzee. Ukimjengea njiani hatafuti njia nyingine. Ataipita nyumba, na kama ndani kuna gunia la mahindi au nje kuna tangi la maji, atasimama.

Kiangazi ndipo mambo yanapochacha. Katika ukame wa 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Waliobaki hai walikuwa wakitafuta maji, na maji yalikuwa kwenye matangi ya watu.

Niliwahi kumuuliza kijana mmoja mwenye bodaboda, aliyejenga vyumba viwili vya mawe nje ya mji, kwa nini ananunua fataki hali anajua ni kosa. Alinijibu, "Ustadhi, fataki moja ni bei ya soda. Tangi ni mshahara wa miezi mitatu. Na mke wangu ni bei gani?" Sikuwa na la kumwongezea, maana hesabu yake ilikuwa sawa kuliko ya chifu.

Fataki zenyewe hazifai

Hata hivyo kumwelewa mtu si kumtetea katika kila afanyalo. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inazihesabu fataki pamoja na vilipuzi vingine, na biashara yake inahitaji kibali. Hizi zinazouzwa chini ya meza hazina kibali, hazina maelezo, na hakuna anayejua zimehifadhiwa vipi. Taveta ni mpakani, na penye mpaka hapakosi njia za panya. Wengine hujitengenezea wenyewe, na namna wanavyofanya sitaieleza hapa.

Madhara yake ni mengi. Kwanza ni mkono wa mlipuaji. Mtu aliyetoka usingizini, gizani, huku anatetemeka, anawasha kitu kinacholipuka kwa sekunde chache. Pili ni moto. Nyika ya Septemba ni kavu kama karatasi, na cheche moja inaweza kula malisho ya ranchi nzima na nyumba za makuti zilizo karibu. Tatu, tunaishi kandokando ya mbuga ambayo imepigana na majangili kwa miaka mingi. Askari wa wanyamapori aliye doria akisikia mlipuko gizani hana njia ya kujua kama ni fataki au bunduki, na kijana aliyesimama gizani na kitu mkononi yumo hatarini.

Nne, ndovu anajifunza. Mara ya kwanza atakimbia. Baada ya mara kadhaa anajua kwamba kelele hii haiumi. Anasimama anaitazama nyumba, na wengine hugeuka kwa hasira wakamfuata aliyerusha. Tena hata akikimbia hakimbilii mbuga, anakimbilia kwa jirani. Kwa hiyo kila nyumba inamsukumia ndovu nyumba ya pili, na mwenye nyumba asiye na fataki ndiye anayebaki naye.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, nalo hutumia milipuko ya kutisha, lakini walio nayo ni watu waliofunzwa, wana gari, wako wengi, na wanajua ndovu wanamwelekeza wapi. Shida ni kwamba eneo ni kubwa na magari ni machache. Mtu anapiga simu saa nane, gari liko upande wa pili wa kaunti, na ndovu yuko mlangoni. Ndani ya pengo hilo ndimo biashara ya fataki inamostawi.

Kuna njia nyingine zilizojaribiwa hapa hapa kwetu. Huko Sagalla, wakulima pamoja na watafiti wa Save the Elephants wameweka uzio wa mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba tangu mwisho wa muongo wa 2000. Ndovu anaogopa nyuki, na asali inauzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 baada ya miaka ya kufuatilia yalionyesha kwamba wakati wa msimu wa mazao uzio huo uliwarudisha zaidi ya asilimia 80 ya ndovu waliokaribia. Lakini watafiti hao hao walieleza kwamba ukame ukija nyuki huhama mizinga, na ukame ndio wakati ndovu wanapokuja kwa wingi. Tena mizinga inataka shamba la kuizungusha. Mwenye vyumba viwili kwenye hamsini kwa mia, na watoto wanaocheza uani, hawezi kuzungukwa na nyuki.

Kifungu ambacho dalali hasomi

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu wengi hawalijui mpaka yamewafika. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia: Sh5 milioni kwa mtu aliyeuawa na mnyama, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Mali iliyoharibiwa nayo ina fidia yake. Kila mtu wa Taita Taveta anajua namna malipo hayo yanavyokawia, na jamaa zilizozika watu wao zikangoja miaka.

Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachosema kwamba mwenye mifugo, mazao au mali hatalipwa ikiwa hakuchukua hatua za kutosha kujilinda, au ikiwa matumizi yake ya ardhi hayapatani na mpango wa uhifadhi wa eneo hilo. Maana yake ni nini kwa kijana wetu? Amenunua kiwanja kwenye mapito ya wanyama. Nyumba ikivunjwa, anaweza kuambiwa kwamba hakupaswa kujenga pale. Dalali amekwisha kula chake, aliyekata ranchi vipande amekwisha kula chake, na serikali iliyoacha viwanja vikatwe ina kifungu cha kujikingia. Akijilinda kwa fataki, anapelekwa kortini. Anayebaki na mzigo ni mmoja tu.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa kuna mhifadhi anayetaka nyika ibaki wazi, na kuna mwenye ardhi anayetaka kuiuza vipande. Kijana ndiye nyasi.

Voi iliwahi kupata jibu

Watu huniambia kwamba haya ndiyo maisha ya miji yote na hayana dawa. Mimi nawakumbusha mtaa mmoja wa Voi hii hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa Tanzania na Bondeni walikuwa maskwota. Baadhi ya ardhi waliyokalia ilikuwa ya reli, nyingine ya shamba la mkonge. Serikali ya Kenya, kupitia mradi wa kuendeleza miji midogo uliosaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ, ilikubali kuurasimisha mtaa. Wakazi wakaulizwa wanataka umiliki wa namna gani. Wengi wetu tungesema kila mtu apewe hati yake. Wao wakakataa. Walikuwa wameona kwingineko: maskini anapewa hati leo, shida inamkuta kesho, anaiuza kwa tajiri, kisha anakwenda kuwa skwota mahali pengine.

Walichochagua ni ardhi iwe ya amana ya jamii. Hati kubwa inashikwa na amana, kila mkazi anapewa mkataba wa kukaa na kujenga. Nyumba ni yake, anaweza kuirithisha. Akitaka kuhama anauza nyumba, siyo ardhi, na jamii ndiyo ya kwanza kupewa nafasi ya kununua. Ulikuwa mpango wa kwanza wa aina hiyo Kenya, na wasomi wa mipango miji wa nchi za mbali wameuandikia. Sisi wa hapa tunaupita kwa bodaboda bila kuutambua.

Haukuwa mpango usio na dosari. Makaratasi yalichukua miaka kwa sababu sheria za ardhi za wakati huo hazikuwa na chumba cha jambo kama hilo. Mji ulipopanda bei, wengine walitamani hati za binafsi ili wauze au wakope. Lakini angalia wazo lenyewe. Ardhi ikitolewa sokoni, bei ya nyumba inabaki bei ya mawe, mabati na fundi. Hiyo kijana mwenye Sh200 kwa siku anaiweza.

Na kwetu Waislamu wa Pwani hili si geni hata chembe. Ni wakfu kwa jina jingine. Sayyidna Umar alipopata ardhi ya Khaybar aliifunga isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yaende kwa wahitaji. Mombasa, Malindi na Lamu zimejaa ardhi za wakfu, na Tume ya Wakfu ipo kisheria tangu enzi za ukoloni. Tunazijua faida zake, na tunajua pia jinsi zinavyoliwa wasimamizi wakikosa uaminifu. Anayesema ardhi isiyouzwa haiwezekani, atembee Mji wa Kale.

Kinachotakiwa kufanywa

Siandiki haya ili tulie pamoja. Kuna mambo manne ambayo kaunti, serikali kuu na sisi wenyewe tunayaweza.

La kwanza, mapito ya ndovu yachorwe kwenye ramani ya mipango ya kaunti na kubandikwa hadharani, katika ofisi ya kila chifu na kila msikiti na kanisa. Ndani ya michoro hiyo asiruhusiwe mtu kukata viwanja vya makazi. Anayestahili kushtakiwa kwanza ni aliyeuza, kabla ya aliyenunua. Leo hii mnunuzi ndiye anayekutana na askari, hali muuzaji hana habari.

La pili, waliokwisha kujenga wasiachwe na giza. Wapewe vikosi vya kijiji vilivyofunzwa na KWS, wenye vifaa halali, taa kali na simu inayopokelewa. Kijana anayeona gari linakuja hatatafuta fataki. Pesa ziko wapi? Kaunti hii imedai kwa miaka mingi mgao wa mapato ya Tsavo. Ukipatikana, uanzie hapo, kwa wanaolala na ndovu.

La tatu, ardhi ndani ya mji. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, imewawekea wasio raia kikomo cha ukodishaji wa miaka 99, na mikataba ya mashamba makubwa kwa jumla ina mwisho wake. Kila mkataba unapofika mwisho au kuombewa nyongeza, wananchi wana haki ya kuuliza: kipande kilicho karibu na mji kinaweza kutengwa? Kikitengwa, kisigawanywe hati moja moja kikaishia mikononi mwa watu wa Nairobi na Mombasa. Kiwekwe kwenye amana, kama Tanzania-Bondeni, na sheria ya nyumba za bei nafuu itafsiriwe kuwa viwanja vyenye maji na barabara ambavyo kijana atajengea polepole, pamoja na hizo fleti.

La nne ni letu sisi tulioshika viwanja vilivyolala. Ardhi uliyoizungushia seng'enge mjini Voi miaka saba bila tofali si akiba tu, ni nafasi ya mtu. Ijenge, ikodishe kwa bei ya haki, au iuze kwa anayejenga. Mwenye uwezo zaidi aiweke wakfu kwa makazi ya vijana, awe wa dini yoyote anayekaa humo. Sadaka inayoendelea haijawekewa mipaka ya visima na madrasa.

Msako wa fataki ukija msimu ujao, mimi sitausimamia wala kuupinga. Ziondolewe, kwa sababu zinaua. Lakini kila afisa atakayejaza pakiti zilizokamatwa mezani na kupigwa picha, aulizwe swali moja na waandishi wetu: hao waliokuwa nazo wamejenga wapi, ni nani aliyewauzia ardhi hiyo, na usiku wa leo watajilinda na nini?